Kabla hujalipia safari ya Mlima Kenya ama Aberdare: Vitu vya kununua, vya kukodi na vya kuacha keja

Jumamosi yoyote alfajiri, ukipita tao utapata mat zimejipanga zikingoja wasee wa kupanda milima. Wengine wanaelekea Longonot, wengine Ngong, wengine Aberdare, na wale wamejipanga kabisa wanaenda Mlima Kenya. Kila mtu ana begi mgongoni na marvin kichwani, na picha zimeanza kupigwa kabla dereva hajawasha gari. Lakini hebu angalia miguu na suruali. Kuna yule amevaa raba nyeupe za kupiga luku, na kuna yule jinzi imembana hadi kuinua goti ni kazi. Jua likiwaka, hao wawili watawachelewesha tu. Mvua ikinyesha, mtawabeba.

Kwa hivyo kama umeingizwa kwa grupu ya WhatsApp na mwenye kupanga safari ametuma orodha ya vitu thelathini, tulia kwanza. Usikimbie dukani kumaliza akiba. Mlimani kuna mambo matatu yanayoamua kama utarudi ukicheka: ubaki mkavu, ubaki na joto, na miguu isikuangushe. Hapo ndipo chapaa yako iende. Vingi kati ya vile vingine utakodi, utaomba beshte, ama utaviacha kejani na hutavikumbuka.

Unaenda wapi?

Hili ndilo swali la kwanza, na wengi hulisahau. Longonot ina urefu wa mita 2,776 na shida yake ni jua na vumbi. Kutoka getini, kuzunguka ukingo wa kreta na kurudi ni takriban kilomita 13, na huko juu hakuna bomba wala mto. Beba lita tatu za maji, kofia, na kiatu chenye meno. Basi. Hakuna haja ya kununua jaketi ya bei ya kodi ya nyumba ndio uende Longonot. Ngong Hills, mita 2,460, shida ni upepo, kwa hivyo ongeza jaketi nyepesi ya kuukinga.

Mambo hubadilika ukianza kusema Aberdare. Elephant Hill, ile wasee hupanda kutokea Njabini, inapita mita 3,500. Ol Donyo Lesatima inafika 4,001. Huko kuna matope, mianzi, ukungu, na mvua ambayo haiombi ruhusa. Halafu kuna Point Lenana kwa Mlima Kenya, mita 4,985.

Piga hesabu kidogo. Kwa kawaida joto hushuka karibu nyuzi sita na nusu kila ukipanda mita 1,000. Nairobi iko kama mita 1,700. Siku tao iko nyuzi 24, Lenana itakuwa karibu nyuzi 3 mchana, na hiyo ni bila upepo. Sasa kumbuka utafika kileleni alfajiri, sio mchana. Ndio maana huwa kuna barafu huko, na ndio maana hudi yako ya kutoka nayo jioni haitakusaidia.

Jinzi iache keja

Jinzi ni pamba. Pamba ikilowa hunywa maji na kukaa nayo, inakuwa nzito, inashikana na ngozi na haikauki. Maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa, takriban mara 25. Kwa hivyo msee aliyelowa hadi kwa ngozi akiwa mita 3,500, upepo ukipiga, anaweza kuwa hatarini hata kama hakuna barafu popote. Watu hudhani baridi huua kwenye theluji pekee. Hapana. Mvua, upepo na uchovu vinatosha.

Na ujue dalili zake, kwa sababu mwenye kuzipata huwa wa mwisho kuziona. Anaanza kutetemeka. Kisha anajikwaa mahali hakuna jiwe. Anashindwa kufunga zipu. Anaongea kama amelewa. Ukimuuliza, atakwambia yuko fiti. Huyo usimwache akae chini "apumzike kidogo." Mtoe nguo zilizolowa, mvalishe kavu, mpe kitu cha moto na cha sukari, mfunike, na muanze kumshusha. Akiacha kutetemeka na bado ana baridi, hiyo ni ngori kubwa kuliko ile ya mwanzo, na mnahitaji msaada mara moja.

Mavazi yenyewe ni tabaka tatu. Ya ndani, inayogusa ngozi, iwe polista ama sufu nyembamba. Hata jezi ya mpira inafanya kazi poa kuliko fulana ya pamba. Ya katikati ni ya joto: sweta ya flisi, ama jaketi iliyojazwa. Ya juu ni ya kuzuia mvua na upepo. Chini vaa suruali ya trakisuti ya nailoni ama suruali nyepesi ya kazi inayokauka haraka, na ubebe nyingine kavu ya kulalia.

Siri ya tabaka ni kuzivua na kuzivaa. Ukianza kupanda na zote utatoka jasho, na jasho litakulowesha sawa na mvua. Anza ukisikia kabaridi kidogo. Mkisimama kupumzika, vaa flisi kabla hujaanza kutetemeka.

Poncho ama jaketi ya mvua? Kwa msitu poncho ni sawa, ni ya bei rahisi na inafunika hadi begi. Lakini ukitoka kwa miti ukafika uwanda wazi, upepo utaigeuza bendera. Kama una pesa ya kitu kimoja tu kipya, kinunue hapo: jaketi halisi ya mvua yenye kofia, na suruali ya mvua ya kuvaa juu ya ile nyingine.

Gikomba ndio duka lako la kwanza

Vifaa vya milima vikiwa vipya vina bei ya kukuumiza kichwa kabla hata hujapanda. Lakini sisi tuna bahati ambayo wapanda milima wengi duniani hawana: mitumba. Jaketi za kuteleza kwenye theluji, flisi, soksi za sufu, zote huingia kwa marobota na kuishia Gikomba, Toi ama kwa mama wa mtaani kwenu. Ukitaka kamera, yaani chaguo la kwanza, fika asubuhi siku robota linafunguliwa. Ukifika jioni utapata fagia. Lakini hata kwa fagia, ukijua kusoma lebo, unaweza kutoka na kitu cha maana.

Soma lebo ya ndani, achana na jina la kifuani. Ukiona asilimia 100 pamba, rudisha. Polista, nailoni na sufu ndizo unatafuta. Jaketi ya mvua igeuze ndani nje. Angalia mishono: ile nzuri imebandikwa utepe juu ya kila mshono ili maji yasipenye. Kama utepe umeng'oka, ama kile kitambaa cha ndani kinabanduka kama ngozi iliyoungua jua, jaketi hiyo imezeeka, hata kama nje inang'aa. Ukiwa na chupa ya maji, omba kwa heshima, "Mathee, naweza mwagia maji kidogo nione?" Wengi hawakatai. Maji yakikimbia juu kama kwa jani la nduma, hiyo ni dalili nzuri. Yakinyonywa na upande wa ndani ukalowa, weka chini.

Flisi haina noma. Hiyo ni vigumu kununua mbaya. Nunua yenye zipu na inayofunika kiuno.

Marvin, glavu na soksi za sufu pia ziko hapo. Chukua glavu pea mbili, kwa sababu moja italowa.

Viatu: hapa usidanganywe

Kwa viatu, mitumba inahitaji macho zaidi. Buti nyingi za kupanda milima zina soli ya katikati ya povu la plastiki ambalo huoza polepole kwa unyevu wa hewa, hata buti ikiwa imekaa kabatini bila kuvaliwa. Unaipata Gikomba inakaa mpya kabisa, ngozi safi, kamba safi, unafurahi. Kilomita ya tano soli inaachana na kiatu kama ganda la ndizi. Kwa hivyo kabla hujatoa doo, kunja kiatu kwa nguvu. Bonyeza ile soli ya katikati na ukucha. Ikiwa inapasuka, inamomonyoka ama inanata kama ubani, mrudishie mwenyewe, hata akikupunguzia hadi soo mbili.

Nenda kununua jioni, wakati miguu imevimba kidogo, na ubebe soksi utakazovaa mlimani. Vaa, funga kamba, kisha piga teke la polepole ukutani. Kidole kikigusa mbele, kiatu ni kidogo. Utasema kitapanuka. Kupanda hakuna shida, shida ni kushuka: kila hatua kidole kinagonga mbele, na kucha zinageuka nyeusi. Kata kucha siku mbili kabla ya safari. Na kiatu kipya kivae mtaani wiki mbili, uende nacho kazini, upande nacho ngazi, kabla hakijaona mlima.

Si lazima iwe buti ndefu. Kwa njia kavu kama Longonot, raba ya kukimbilia yenye meno ni nyepesi na inatosha. Kwa Aberdare, na kwa ile sehemu ya matope ya njia ya Naro Moru kule Mlima Kenya, raba itajaa maji ndani ya dakika kumi. Utaona mapota na magaidi wengi wamevaa gambuti, zile za kukamulia ng'ombe, na wanakupita wakiimba. Usicheke. Gambuti yenye soksi mbili nzito ni jibu la kweli kwa matope ya Aberdare, na bei yake inajulikana.

Begi, na jaribio la unga

Kwa safari ya siku moja, begi la lita 20 hadi 30 linatosha. Kwa kulala usiku mmoja ama miwili, lita 40 hadi 50. Ukinunua la lita 70 utalijaza, hiyo ndiyo shida ya begi kubwa.

Begi zuri lina mkanda mpana wa kiunoni. Uzito unafaa kukaa kwa mifupa ya nyonga, mabega yawe ya kusawazisha tu. Begi la shule halina huo mkanda, ndio maana ukilijaza kilo kumi mabega yanalia. Jaribu hivi kabla ya safari: weka pakiti tano za unga za kilo mbili ndani ya begi, vaa, panda na ushuke ngazi za ploti yenu mara kumi. Majirani watakuuliza maswali, lakini utajua ukweli.

Kipimo ambacho wengi hutumia ni kwamba begi la kulala nje lisizidi moja kwa tano ya uzito wako. Kama una kilo 65, hiyo ni kilo 13. Lita moja ya maji ni kilo moja tayari. Kwa hivyo toa hivi: chupa kubwa ya mafuta ya kujipaka (tia kidogo kwa kikopo), taulo la kuogea (beba leso), spika ya muziki (tafadhali), jozi ya tatu ya nguo, na chakula cha mkebe. Nguo kavu na begi la kulalia ziingie ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kile kifuniko cha nje cha begi pekee hakitoshi, mvua ya upande hupita nyuma ya mgongo.

Halafu kuna sheria. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na maeneo mengine yaliyohifadhiwa Kenya. Hiyo chupa ya maji uliyonunua kwa kiosk inaweza kubaki getini. Beba chupa ya kudumu.

Kulala

Hapa ndipo unaweza kuokoa pesa nyingi, kwa sababu karibu kila kitu kinakodiwa, Nairobi na hata huko Nanyuki na Naro Moru. Tena kwa njia za Sirimon na Naro Moru kuna nyumba za kulala wapandaji, kwa hivyo uliza kwanza kama hema linahitajika kabisa.

Kama linahitajika, kumbuka hema la "watu wawili" ni la watu wawili waliolala kama sigara kwa pakiti. Chagua lenye tabaka mbili, na lile la nje lifike karibu na ardhi. Yale mahema ya kufunguka yenyewe kama mwavuli ni ya sherehe za Naivasha. Mengi yana tabaka moja, pumzi yenu inageuka maji ndani na mnaamka mmelowa bila mvua. Kabla hujatoka na hema la kukodi, lisimamishe hapo hapo dukani. Hesabu vigingi. Angalia kamba. Ukigundua nguzo imevunjika saa moja jioni kwa mvua, hakuna wa kupigia simu.

Begi la kulalia lina namba za joto kwenye lebo. Wauzaji hupenda kukuonyesha ile ndogo kabisa, lakini hiyo ni namba ya kutokufa, sio ya kulala. Angalia ile ya juu, ya starehe, ambayo kwa vipimo vya kimataifa hukadiriwa kwa mwili wa mwanamke wa kawaida. Kambi kama Shipton's iko karibu mita 4,200 na usiku joto hushuka chini ya sifuri, kwa hivyo namba ya starehe iwe sifuri ama chini zaidi. Yaliyojazwa manyoya ya bata ni mepesi sana lakini yakilowa yanakuwa kama kitambaa cha kupangusa. Kwa Aberdare chukua ya nyuzi za polista.

Kitu ambacho watu hudharau ni mkeka wa sponji. Ukilala, uzito wako unafinya begi la kulalia upande wa chini na joto lote linakimbilia ardhini. Mkeka mzito wa bei ya chini chini ya begi la kawaida utakupa usingizi kuliko begi la bei ghali kwenye ardhi tupu.

Na tafadhali, jiko la makaa ama meko ya gesi isiingie ndani ya hema, hata mvua ikinyesha vipi, hata "dakika mbili tu tupate joto." Ile gesi ya sumu haina harufu. Watu hulala na hawaamki.

Dishi

Ukiwa mita 4,200, maji huchemka kwa nyuzi kama 86 badala ya 100. Maana yake ni kwamba githeri mbichi utaingoja hadi kesho na gesi itaisha. Pika mambo magumu nyumbani. Siku ya kwanza kula chapo na maharagwe uliyobeba tayari. Baadaye ni Indomie, uji, njugu karanga, ndizi, mayai ya kuchemsha, tangawizi na sukari ya kutosha. Moto wa kuni usiwashe popote bila ruhusa, nyasi za huko juu zikishika ni hasara ya miaka.

Mkebe wa gesi huchoka kwa baridi. Ulale nao ndani ya begi la kulalia, pamoja na simu na pawabenki.

Vidogo vya kutosahau

Kupanda Lenana huanza saa nane ama saa tisa usiku. Unahitaji taa ya kichwani na betri za ziada, kwa sababu tochi ya simu inakula mkono mmoja unaohitaji kushika mwamba. Ongeza filimbi (pulizo tatu, pumzika, pulizo tatu, ndiyo ishara ya kuomba msaada), blanketi la karatasi ya fedha la dharura ambalo ni jepesi kuliko simu yako, plasta, dawa za maumivu, chumvi za kurudisha maji mwilini, na ramani uliyopakua kabla mtandao haujapotea.

Kama bado unaona huwezi kwenda bila vifaa vya duka kubwa, tafuta hadithi ya Felice Benuzzi. Januari 1943, yeye na Waitaliano wenzake wawili walitoroka kambi ya wafungwa wa vita Nanyuki, sio kukimbilia nyumbani, bali kupanda Mlima Kenya. Mashoka yao ya barafu yalitengenezwa kwa nyundo, kamba zao zilitoka kwa nyavu za vitanda, na ramani yao ilikuwa picha ya mlima kwenye mkebe wa chakula. Batian iliwashinda. Benuzzi na Giovanni Balletto walifika Lenana, wakaacha bendera, wakashuka wakiwa na njaa kali na kurudi wenyewe kambini. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao, wakatumikia saba. Kumbuka pia kwamba Benuzzi na Balletto walikuwa tayari wanajua milima, na hata hivyo chakula kidogo karibu kiwamalize.

Kitu kimoja hakiuzwi wala hakikodiwi: mwili kuzoea urefu. Ukianza kuumwa kichwa kisichoisha, kutapika, ama kupumua kwa shida ukiwa umekaa, hakuna jaketi itakusaidia. Unashuka, hata kama ni saa tisa usiku na Lenana unaiona. Mwambie gaidi mapema, usijikaze kwa sababu ya grupu.

Ukirudi keja, usitupe begi kona na kulala hadi Jumatatu. Anika hema, mkeka na begi la kulalia hadi zikauke kabisa kabla ya kukunja. Toa insoli za viatu, jaza magazeti ndani, na uviweke mbali na jiko na jua kali. Vya kukodi virudishe vikavu, la sivyo utajikuta umelipia ukungu wa mtu mwingine.